Nimelipia Ustoa nikaletewa ukauzu: siku 47 ndani ya programu ya "mwanaume stoiki"

Wakuu hii nimeichelewesha kwa sababu kila nikikaa niandike nakuta nina hasira, na hasira ndio kitu chenyewe ambacho hii programu ilikuwa inanifundisha nisiwe nacho, sasa nimepoa kidogo ngoja niseme. Ni programu ya simu inayodai kufundisha Ustoa, ile falsafa ya kale ya Wagiriki na Warumi, na naipa nyota mbili, nitaeleza kwa nini. Jina lake silitaji, sitafuti ugomvi na mtu, na ukweli ziko nyingi zinafanana hata kama wewe umetumia nyingine utaitambua tu: nembo ni kichwa cha sanamu la marumaru lenye ndevu, rangi nyeusi na dhahabu, na neno "mwanaume" limejaa kila skrini kama vile ukilisahau dakika mbili unageuka kitu kingine.

Nilivyoingia ni kama tunavyoingia wote. Saa nane usiku, usingizi hakuna, nimeachwa wiki tatu nyuma, naskroli tu kidole chenyewe kimechoka. Ikaja klipu: mvua, piano ya huzuni, sanamu, alafu ile sauti nzito inakwambia hakuna anayekuja kukuokoa. Nikaangalia mpaka mwisho. Ikaja ya pili, ya tatu, kufika saa kumi mtandao ulishajua mimi naumwa wapi, ukaniletea tangazo. Siku saba bure, baada ya hapo unalipia mwaka mzima. Nikabonyeza. Mtu aliyeachwa, saa kumi alfajiri, anakubali chochote unachomwekea mbele.

Kilichomo ndani ni hiki. Asubuhi unapata somo la video la dakika kumi hivi, mchana nukuu, usiku daftari la kuandika, kuna grupu la wanachama, na juu ya kila skrini kuna kaunta nitaieleza. Kiufundi sina neno, ni nyepesi, haili bando, masomo unayashusha unasikiliza bila mtandao. Msomaji ni sauti ya kompyuta na jina la Epictetus, mwalimu wa Kistoa wa zamani, analitamka namna tatu ndani ya somo moja, hayo nilisamehe. Nukuu ndio nilianza kuzitilia shaka mapema maana nyingine zinanuka mtandao kabisa, eti Marcus Aurelius, yule mfalme wa Roma aliyekuwa Mstoa, kasema kuhusu simba na kondoo sijui nini, na kwa vile tafsiri ya Kiingereza ya maandishi yake, ya George Long ya 1862, iko bure mtandaoni (ya zamani mno, hakimiliki ilishaisha) nikawa naenda kutafuta. Kati ya nukuu kumi nilizotafuta nne sikuziona popote. Sio kosa dogo hilo kwa kitu unachokilipia, lakini pia ndio lililoniokoa, maana nisingetafuta nukuu feki nisingekutana na zile za kweli.

Alafu michoro. Epictetus kachorwa ana kifua kama mlango wa gereji, mikono kaikunja, anaangalia mbali. Huyu mtu alizaliwa mtumwa, alikuwa kilema wa mguu, enzi za mfalme Domitian wanafalsafa walipofukuzwa Roma naye akaondoka akaenda kufungua darasa Nicopolis, Ugiriki, na mwenyewe hakuandika hata mstari, tulivyonavyo ni notsi za mwanafunzi wake Arrian. Picha yake halisi ni mzee anachechemea kabishana na vijana darasani kutwa. Inaonekana hiyo haiuzi.

Niwe mkweli lakini, somo la siku ya tatu ni zuri sana na sitalisema vibaya. Ni lile la vilivyo mikononi mwako na visivyo mikononi mwako, ndio mwanzo wenyewe wa kitabu kidogo cha Epictetus (Enchiridion, alichokikusanya huyo Arrian): maoni yako, unachokitaka, unachokikwepa, hivyo ni vyako, mwili wako, mali, jina lako kwa watu, cheo, hivyo sio vyako hata ukivipigania. Mimi kipindi hicho nilikuwa nafungua simu kuangalia yule dada mara ya mwisho kuonekana mtandaoni ni saa ngapi, mara ishirini kwa siku, najenga hadithi nzima kutokana na dakika tano. Lile somo lilinikata ule ugonjwa ndani ya siku mbili. Sijui ningefanyaje bila hilo na namshukuru aliyeliandika hata kama mengine yote ameharibu.

Sasa kaunta. Inaitwa "siku bila udhaifu". Inahesabu, na pembeni kuna kitufe cha "nimeteleza". Ukikibonyeza inakuuliza umeteleza kwa nini unachagua kwenye orodha: kulia, kulalamika, kuomba huruma, kumweleza mwanamke shida zako (hiyo iko peke yake, sijui kwa nini kumweleza mwanaume haimo, nadhani hawakufikiria kama inawezekana). Ukichagua tu namba inarudi sifuri mbele ya macho yako na mlio kama wa mlango wa chuma. Na namba yako wenzako kwenye grupu wanaiona. Kwa hiyo hata siku umebanwa koo hadi maji hayapiti unajiuliza mara mbili, nibonyeze? Aa, namezea. Hapo tayari unafundishwa kusema uongo kwa simu yako mwenyewe, na wiki mbili za mwanzo nilivyokuwa na raha na lile linamba lilivyokuwa linapanda hata sikuliona hilo. Nilikuwa nalala vizuri, nafanya mazoezi, watu wananiambia umekuwa mtulivu siku hizi. Nilipenda kuitwa mtulivu.

Siku ya 19 jamaa yangu, tumekua pamoja tangu tunajifunza kuandika, akafiwa na baba yake. Alinitumia voisi ya dakika nne na sekunde kumi na moja. Nilikuwa napiga pushapu. Nikaiweka kwa mwendo wa moja na nusu, nikasikiliza kama dakika mbili huku nahesabu, nikawa nimeshaelewa, mzee kaondoka, nikaizima nikaandika: "Pole sana mwanangu. Kisicho mikononi mwetu tusikipiganie. Kaza, mama na wadogo zako wanakuangalia wewe." Nikairudia kuisoma nikaona nimeandika kitu cha maana. Usiku ule kwenye daftari niliiandika kama ushindi wa siku, bado ipo, naiona hapa, na mwandiko umetulia kabisa. Yeye alijibu kwa kidole gumba. Baada ya hapo kimya. Nikamtafuta mara moja baada ya wiki, "unaendeleaje", "poa", nikaona jamaa kapiga moyo konde safi.

Siku ya 41 simu ikanigomea imejaa, nikawa nafuta mavoisi ya zamani. Nikaikuta ile. Nikaifungua kwa mwendo wa kawaida sijui hata kwa nini, nadhani nilitaka kusikia tu sauti yake maana tulikuwa hatujaongea. Kwenye dakika ya tatu anaacha kuongea. Unasikia tu anapumua, na nyuma kuna mtu anasoma taarifa ya habari. Sekunde kama thelathini hivi. Alafu anasema, "hiyo ni redio yake. Iko chumbani kwake inaongea tangu juzi, sijui nani aliiwasha mara ya mwisho, mwenyewe labda. Naogopa kuizima." Kimya tena. "Ungekuja hata tukae tu mwanangu. Haya, basi poa."

Nililia wakuu. Nimekaa sakafuni na chaja mkononi nalia kama mtoto. Na haki ya Mungu kabla sijamaliza simu ikatetemeka, notifikesheni ya jioni: "Umebaki imara leo?" Nikabonyeza nimeteleza, nikachagua kulia, mlango wa chuma, sifuri. Alafu ikanifungulia ukurasa wa kuninunulisha "kifurushi cha kurudi kwenye mstari", masomo saba ya ziada ya kulipia. Hapo ndio nyota ya kwanza ilipodondoka na nyingine zikafuata nyuma yake.

Kesho yake nilienda kwake. Hatukuongea sana. Nilimuuliza redio, akasema hakuizima, betri iliisha yenyewe siku ya tatu.

Baada ya hapo nikaanza kuwasoma hawa wazee wenyewe, bila sanamu wala mvua, maana nilitaka kujua mimi ndiye nilielewa vibaya au nilidanganywa. Jibu ni vyote viwili ila zaidi nilidanganywa. Marcus Aurelius ambaye programu nzima imejengwa juu ya uso wake, kuna masimulizi ya kale ya maisha ya wafalme wa Roma yanasema alipokuwa kijana alimlilia mlezi wake aliyefariki, watumishi wa ikulu wakaanza kumzuia, aibu hiyo, na mfalme Antoninus Pius baba yake wa kumlea akawaambia wamwache awe binadamu, kwa sababu si falsafa wala ufalme unaomtoa mtu hisia. Baadae akiwa mfalme mwenyewe alizika watoto wake wengi tu, kwenye zaidi ya kumi aliozaa na Faustina waliokua hadi utu uzima ni wachache. Kwenye daftari lake, ambalo alijiandikia mwenyewe wala sio la kuuza, anaorodhesha waliomfundisha na kwa Sextus anasema alijifunza kuwa mtu asiyetawaliwa na mihemko na wakati huohuo mwenye upendo mwingi kabisa. Vyote kwa pamoja. Programu imechukua nusu ya kwanza ikaiandika kwa dhahabu, nusu ya pili imefutwa.

Kuna sehemu nyingine, kitabu cha saba cha hilo daftari, anajiambia usione aibu kusaidiwa. Mfano anaotoa ni wa askari wanapanda ukuta vitani: wewe una mguu mbovu huwezi kupanda peke yako lakini ukishikwa na mwenzako unapanda, sasa utafanyaje? Nikaibandika hiyo kwenye grupu nikauliza mbona haimo kwenye masomo. Admini akanijibu Marcus hapo alikuwa anazungumzia vita halisi sio hisia, nikamwambia soma tena, akanifungia kuandika saa ishirini na nne. Nikakumbuka na ile ya kitabu cha kumi na moja ambapo anasema hasira sio uanaume, upole na utaratibu ndio una ubinadamu zaidi na ndio una uanaume zaidi, nikataka kuibandika na hiyo ila ndio hivo nilikuwa nimeshafungiwa.

Seneca nae, Mstoa mwingine wa Roma. Ana barua anamwandikia rafiki yake Lucilius aliyefiwa, anamwambia machozi yatoke ila yasifurike, alafu anakiri kwamba yeye mwenyewe aliyeandika hayo alimlilia rafiki yake Annaeus Serenus kupita kiasi mpaka akawa mfano wa watu walioshindwa na msiba. Mimi hii ndio ilinimaliza. Mtu mzima, mwalimu wa mfalme, anamwandikia mwenzake "na mimi nilishindwa". Ningemwandikia jamaa yangu hata mstari mmoja wa namna hiyo siku ya 19.

Kuna kisa kingine kizuri zaidi, kimeandikwa na Aulus Gellius, mwandishi wa Kirumi. Wako kwenye meli kutoka upande wa Ugiriki kwenda Italia, dhoruba ya usiku, maji yanaingia, na kwenye meli kuna mwalimu mkubwa wa Kistoa. Kila mtu anamwangalia yeye. Kawa mweupe! Bahari ilipotulia tajiri mmoja akaja kumtania, vipi mwalimu uliogopa mimi sikuogopa. Mwalimu akaja kumwonyesha Gellius maneno ya Epictetus: ule mshtuko wa kwanza, uso kubadilika, moyo kuruka, hauko mikononi mwa mtu, hata mwenye hekima unampata, tofauti ni kwamba yeye haukubali kama ukweli, haendi nao. Yani kile programu inachokihesabu kama "kuteleza" Wastoa wenyewe walishakitoa kwenye hesabu karibu miaka elfu mbili iliyopita. Kaunta inahesabu kitu ambacho wenye falsafa yao walisema hakihesabiwi.

Sasa nisiwe mnafiki nikawageuza Wastoa kuwa watu wa kukumbatiana, hapana. Walikuwa wagumu. Walisema mihemko mibaya iko mikubwa minne, raha ya kijinga, tamaa, woga na huzuni, na mitatu ya kwanza wakaiwekea ndugu yake mzuri, furaha ya kweli, nia njema, na tahadhari. Huzuni haikupewa ndugu. Kwa hiyo mtu akiniambia Wastoa waliiona huzuni ni kosa la kufikiri nakubali, iko hivo, na Seneca huyohuyo ana barua nyingine anamkaripia mtu aliyefiwa na mtoto mdogo mpaka unaona haya kuisoma. Lakini angalia wanakata wapi. Wanakata kwenye fikra, kabla: unaliangaliaje hili jambo, umelipa thamani gani, ni kweli au umejitungia. Hawakusema usikie yote alafu uso uufanye jiwe. Hicho cha pili kwa Kiswahili kina jina lake, ni ukauzu, na ndicho nilichouziwa.

Na tofauti hii sio maneno tu. Mwaka 1998 mwanasaikolojia James Gross aliwaonyesha watu video ya mkono unakatwa hospitalini. Kundi moja likaambiwa waitazame kitaalamu, kama kitu cha kitabibu. Kundi lingine likaambiwa wafiche, mtu akiwaangalia asijue wanasikia nini. La tatu waangalie tu. Waliobadilisha namna ya kutazama walisikia kinyaa kidogo kuliko wengine. Waliobana uso walionekana watulivu lakini kinyaa chao hakikupungua na mwili kwa ndani ukawa unahangaika zaidi. Niliposoma hapo nikafikiria zile wiki zangu za kuitwa mtulivu, meno yalikuwa yananiuma asubuhi, nilikuwa nayasaga usiku kucha, nikadhani ni mto mbaya.

Kinachochekesha, kuna somo, nadhani la siku ya 26, linawabeza wanaokwenda kwa washauri wa saikolojia, eti wanaume walioshindwa wanalipia kulia. Aliyeandika hajui kwamba Albert Ellis na Aaron Beck, ambao tiba ya kubadilisha fikra inayotumika leo inatokana nao, wote wawili walitaja Wastoa kama mzizi, na ule msemo wa Epictetus kwamba watu hawasumbuliwi na mambo bali na maoni yao juu ya mambo Ellis alikuwa anaufundisha kabisa. Programu inamtukana mjukuu kwa jina la babu.

Na lile somo la James Stockdale. Rubani wa Marekani, ndege yake ilidunguliwa Vietnam tarehe 9 Septemba 1965, akakaa gerezani zaidi ya miaka saba mpaka 1973, miaka kama minne yuko chumba cha peke yake, na alisema Epictetus ndiye aliyemshikilia. Yote kweli. Video inamwonyesha kakaa gizani, kimya, hahitaji mtu. Kitu wasichokuonyesha ni kwamba wale wafungwa walikuwa wanagonga kuta. Walikuwa na alfabeti yao, jedwali la tano kwa tano, unagonga mstari alafu unagonga safu, herufi moja moja, na walikuwa wanaambizana nani kapigwa, nani kavunjika, shikilia, na Stockdale ndiye alikuwa mmoja wa viongozi wao. Mwanaume mgumu kuliko wote kwenye programu nzima alikuwa anagonga ukuta mtu wa pili asikie.

Grupu nalo. Sitaki kuwacheka wale vijana, wengi umri wao ni mdogo kuliko nilivyotegemea, na mtu hajiungi na kitu kama kile akiwa mzima. Kuna aliyefeli, kuna aliyeachwa, kuna ambaye nyumbani tangu akiwa na miaka sita anaambiwa we mwanaume bwana jikaze, kuna ambaye aliwahi kufunguka kwa mtu na siri ikarudi kwake kama utani mbele ya watu. Huyo ukimwambia "ongea tu kaka" anakuona mjinga, na mimi simlaumu, aliongea na alichokipata alikiona. Programu inamwambia sawa, hutaumizwa tena, funga mlango. Ofa yenyewe inavutia, nisidanganye. Ila kuna usiku mmoja saa tisa kijana aliandika: "nimefika siku ya 90, sisikii kitu chochote, nikikula sisikii, mama akiongea sisikii, hii ndio kushinda?" Nilisoma nikangoja admini aseme kitu. Zikaja emoji za moto, kama arobaini. Mwingine akaandika "hongera legendi". Nilimwandikia pembeni usiku ule, tuliongea kidogo, akaniambia ana kaka yake mkubwa, nikamwambia mpigie saa hizihizi hata kama kalala, akapiga. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume wanaokufa kwa kujiua duniani ni zaidi ya mara mbili ya wanawake, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni moja ya sababu tatu kubwa za vifo. Kampuni inayoweka elfu za vijana wenye maumivu kwenye chumba kimoja na haina hata mtu mmoja wa kuangalia meseji usiku, hata kitufe cha "nahitaji msaada" hakuna, kipo cha nimeteleza tu, mimi hiyo siiwezi. Niliwaandikia huduma kwa wateja kuhusu hilo. Jibu lilikuwa la mashine, asante kwa maoni yako shujaa.

Mazuri sasa, maana niliahidi nyota mbili. Daftari la usiku. Hili ni zuri kweli na nadhani liliandikwa na mtu tofauti. Halina kaunta, halitumi chochote kwenye grupu, linafunguka hata bila mtandao, na linauliza maswali matatu tu: leo umekosea wapi, umefanya nini vizuri, ungefanya nini tofauti. Zoezi lenyewe limo kwa Seneca, anasimulia jinsi taa ikishatolewa na mke wake keshanyamaza anaipitia siku yake yote hajifichi kitu, alafu anajisamehe, anajiambia angalia usirudie. Kujisamehe nako kumo kwenye daftari, kuna mstari kwa chini wa kuandika. Na kuandika chenyewe kuna kitu kinafanya, James Pennebaker alianza kuchunguza hilo miaka ya 80, mwanafunzi anaandika dakika kumi na tano kwa siku nne kuhusu jambo lililomuumiza sana, na kwenye utafiti wake wa kwanza wa 1986 waliomwaga tukio pamoja na hisia zake siku zenyewe waliumia zaidi lakini miezi iliyofuata walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi. Mimi ukurasa wangu mrefu kuliko wote ni wa siku ya 41. Nimeandika kuhusu redio.

Ningeshauri nini? Kama unataka Ustoa, waendee wazee wenyewe, wako bure, anza na kile kidogo cha Epictetus unakimaliza jioni moja, alafu barua za Seneca kwa mwendo wako. Kama unataka daftari, daftari lolote la karatasi na maswali matatu hapo juu, nimeshakupa bure. Kama unataka hiyo kaunta, sijui nikwambie nini, labda mfungulie mwenzio voisi zake kwanza uzimalize.

Kwa wanaotaka kutoka: ukiifuta kwenye simu tu malipo hayakatiki, unaendelea kukatwa kimyakimya. Ingia kwenye akaunti yako ya duka la programu, tafuta sehemu ya usajili, katisha kule, na fanya angalau siku moja kabla ya tarehe, mimi nilichelewa. Kabla ya hapo toa maandishi yako ya daftari, kuna kitufe cha kuyashusha kimefichwa ndani ya mipangilio chini kabisa, ukisahau yanakwenda nayo. Njiani itakuuliza mara tatu kama una uhakika na mara ya mwisho itakuandikia kwamba wanaume wa kweli hawaishii njiani. Bonyeza ndiyo. Ya kwangu ilikuwa inasoma siku ya 6 baada ya ile sifuri, nilipoifuta haikupiga mlio wowote.